Mto Ulioletwa Duniani na Majivu

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwa nyote. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie safari yangu ya Banaras, mji wa India ambao kwenye ramani utaukuta umeandikwa Varanasi, na ambao Wahindu wakiutaja kwa mapenzi huuita Kashi, mji wa nuru. Sikwenda kutalii. Nilimsindikiza jirani yangu. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa mtaani kwetu, hapa hapa Dar es Salaam, tangu sijazaliwa. Alipofariki, mwili wake ulichomwa hapa kama dini yao inavyoelekeza, lakini mzee alikuwa ameusia majivu yake yapelekwe kwenye mto Ganga. Mwanawe akaniambia, "Twende wote, ndugu yangu, nisiwe peke yangu." Nikaenda.

Kwa nini majivu yasafirishwe bahari nzima? Njiani jirani yangu alinisimulia kisa ambacho kila mtoto wa Kihindu hukuzwa nacho. Mfalme Sagara alikuwa na wana 60,000. Walimsingizia walii mmoja, Kapila, kwamba ameiba farasi wa baba yao. Walii akafumbua macho, akawatazama mara moja, wote wakawa majivu. Roho zao zikakosa mapumziko kwa sababu hapakuwa na maji ya kuwafanyia ibada ya maiti. Vizazi vikapita, hadi mzawa wa ukoo wao, Bhagiratha, alipojitesa kwa ibada miaka na miaka akiomba Ganga, ambaye ni mungu wa kike, ashuke kutoka mbinguni. Kishindo chake kingeipasua ardhi, basi mungu Shiva akampokea kwa nywele zake, akamwachia kidogo kidogo. Ganga akamfuata Bhagiratha nyuma nyuma mpaka pale majivu yalipokuwa. Kwa Mhindu, basi, majivu ndiyo yaliyouleta mto huu duniani. Ukishalijua hilo, humwulizi tena mtu kwa nini amebeba chungu kilichofungwa kitambaa chekundu kutoka Dar es Salaam.

Mto wenyewe unatoka milima ya Himalaya na kwenda kama kilomita 2,500 mpaka Ghuba ya Bengal. Safari yake kwa jumla ni ya kuelekea mashariki, lakini pale Banaras unapinda na kutiririka kaskazini, kama unaotaka kurudi milimani. Mji wa kale umekaa ukingo wa magharibi peke yake. Ng'ambo ni mchanga mtupu ambao mafuriko huufunika kila msimu wa mvua. Kwa hiyo ngazi zote za mawe zinazoshuka majini zinalitazama jua likichomoza. Wenyeji huziita ghat, nasi watu wa pwani tuna neno letu gati, mnaona yanavyokaribiana. Ziko zaidi ya 80. Alfajiri utakuta bibi kizee amesimama maji ya kiuno, ameyateka kwa viganja, anayamimina taratibu akilielekea jua, midomo inacheza. Hatua tatu kutoka kwake kijana anafua mashuka kwa kuyapiga kwenye jiwe.

Sasa nifike Manikarnika, maana najua ndiko mnakotaka kunisikia. Hiyo ni ghat ya kuchomea maiti. Moto hauzimiki usiku na mchana. Imani yao ni kwamba anayefia Kashi, Shiva mwenyewe humnong'oneza sikioni, akatoka katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Ndiyo maana wapo wazee wanaoletwa mjini na jamaa zao wakiwa mahututi, wakapangiwa vyumba, wakasubiri siku yao.

Maiti hupita vichochoroni juu ya machela ya mianzi, wabebaji wakiitikia kwamba jina la Ram, mungu wao, ndilo kweli, nawe unabana ukutani kuwapisha. Chini kabisa nilikuta kuni zimerundikwa hadi kimo cha nyumba, na mbele yake mizani kubwa. Kuni huuzwa kwa uzito. Kijana mmoja, amenyolewa kichwa, amejitanda shuka jeupe, alikuwa anafungua fundo la pesa na macho yake kwenye mizani. Muuzaji akaongeza gogo. Kijana akahesabu tena. Muuzaji akaliondoa lile gogo, akaweka jembamba. Sijawahi kuona kitu kilichonishika roho kama lile gogo lililorudishwa.

Moto mfiwa huuchukua kwa watu wa jamii ya Dom, ambao karne nyingi wamewekwa chini kabisa ya matabaka, wakanyimwa hata kuguswa. Na bila moto wao hakuna anayechomwa pale, awe tajiri awe nani. Mwishoni mtoto wa marehemu hutupa chungu cha maji nyuma kwa juu ya bega, kikapasuka, naye akaondoka bila kugeuka.

Nilitoa simu. Sikufikiri. Mzee mmoja aliyeketi kwenye ngazi akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu, hakusema neno. Nikairudisha mfukoni. Ningejisikiaje mimi, mgeni akinipiga picha ninapomteremsha mama yangu mwanandani?

Mtaniuliza: maji hayo si machafu? Machafu, ndiyo. Mifereji ya majitaka ya mji imekuwa ikiingia humo kwa miaka mingi. Serikali ya India ilianzisha mpango wa kuusafisha mto mwaka 1986, ukaja mwingine mwaka 2014, na kazi bado ipo. Lakini Kiswahili chetu kinatusaidia kuelewa jambo ambalo huwapita wageni wengi. Sisi tuna safi na tuna twahara. Kanzu yaweza kuwa nyeupe pe, imepigwa pasi, na isifae kuswalia. Na jamvi kuukuu la vumbi likafaa. Yule bibi kizee anayezama majini anatafuta twahara. Mwenye kipimo cha maabara anatafuta usafi. Mimi naona wote wawili wana haki.

Alikuwapo mtu mmoja aliyevibeba vyote viwili, na ndiye ninayemheshimu kuliko wote niliosoma habari zao: Profesa Veer Bhadra Mishra. Alifundisha uhandisi wa maji katika Chuo Kikuu cha Wahindu cha Banaras, na papo hapo alikuwa mkuu wa hekalu la Sankat Mochan. Mwaka 1982 alianzisha taasisi ya kuupigania mto, akapima vijidudu, akabishana na wakubwa. Na kila alfajiri alishuka ngazi akaoga mtoni, akijua kwa hesabu kilichomo. Alifariki mwaka 2013.

Mji huo si wa Wahindu pekee. Sari za hariri za Banaras, nyingi hufumwa na Waislamu. Bismillah Khan, bingwa wa zumari la shehnai, alikuwa Mwislamu aliyefanyia mazoezi hekaluni kando ya mto. Habari ya msikiti wa Gyanvapi, ulio ubavuni mwa hekalu la Vishwanath na unaogombaniwa na Wahindu na Waislamu, iko mahakamani. Sitaiingia jioni hii.

Na huku kwetu tusidhani hayatuhusu. Sehemu ya majivu ya Gandhi ilimwagwa Jinja, Uganda, mwaka 1948, pale mto Nile unapotoka ziwani.

Siku yetu tulikodi mashua. Kuhani akasoma, jirani yangu akaweka maua na maziwa kidogo, akafungua kile kitambaa chekundu. Mpiga makasia akayainua makasia, hata maji yakaacha kutoa sauti. Majivu yalielea kitambo yakiwa ya kijivu, halafu yakazama yakielekea kaskazini. Tulipopanda ngazi akanunua tambuu mbili, ya kwake na ile aliyoipenda baba yake, yenye tumbaku. Ya baba yake akanipa mimi.

Nimemaliza. Aliye na swali anyooshe mkono.