Mkataba wa Kazi kati ya Kenya na Ujerumani: Yaliyomo na Yasiyokuwamo

Hamjambo, ndugu watazamaji. Ninazungumza nanyi kutoka Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, na nimetoka zamu ya usiku katika makao ya wazee ninakofanya kazi ya uuguzi, kwa hiyo mtanisamehe macho yangu yakionekana mazito. Leo nina jambo moja tu la kuzungumzia, nalo ni makubaliano ya uhamiaji na ajira ambayo Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin, Ijumaa ya tarehe 13 Septemba 2024, Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz wakishuhudia. Tangu siku ile haipiti wiki kabla sijapokea ujumbe wa mtu anayeniuliza nafasi yake itatoka lini.

Makubaliano yale hayana nafasi za kugawa. Habari iliyoenea wakati huo, kwamba Ujerumani imeahidi Wakenya kazi 250,000, ilikanushwa waziwazi na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani, ambayo ilisema kwamba hati hiyo haina idadi yoyote wala mgao wowote, na kwamba kila mwombaji atapimwa kwa masharti ya sheria ya Ujerumani kama ilivyo. Kanusho hilo halikufika vijijini kwa kasi iliyofika nayo ahadi, na hadi leo wapo mawakala wanaoitaja ile idadi ya kwanza wanapopokea pesa za watu.

Kilichokubaliwa ni cha namna nyingine. Serikali mbili zimefungua mlango wa kushirikiana: watu wa teknolojia ya habari wenye uzoefu wanaweza kukubaliwa hata kama hawana vyeti rasmi, wanaokuja kusoma au kujifunza kazi wanatambuliwa katika utaratibu wa viza, na maofisa wa pande zote mbili wana njia ya kuzungumza pale mambo yanapokwama. Ujerumani nayo ilipata ilichokitaka. Kenya ilikubali kuwapokea raia wake wasio na kibali cha kuishi huku, na hata pasipoti au kitambulisho kilichopitwa na muda kinaweza kutumika kuthibitisha uraia wa mtu anayerudishwa. Sioni aibu katika sharti hilo, kwa kuwa nchi yoyote inapaswa kuwapokea watu wake, lakini naona kasoro kubwa mtu anapoelezwa kuhusu kuja bila kuelezwa kuhusu kurudishwa, ilhali mambo hayo mawili yamo katika hati moja.

Sasa niwaeleze ninachokijua kwa mwili wangu, yaani uuguzi. Hati iliyotiwa saini Berlin ni ya serikali ya shirikisho, lakini Ujerumani ina majimbo 16, na anayeamua kama stashahada yako ya uuguzi inalingana na ya Kijerumani ni ofisi ya jimbo unakokwenda kufanya kazi. Ofisi hiyo hulinganisha masomo yako, saa zako za darasani na saa zako za wodini, na mara nyingi sana jibu linalorudi husema kwamba kuna pengo, ambalo utaliziba ama kwa mafunzo ya ziada ama kwa mtihani. Juu ya hayo, kwa kawaida utahitaji Kijerumani cha kiwango cha B2, yaani cha kuweza kuzungumza na kuelewa bila shida kubwa. Hadi utakapotambuliwa, unafanya kazi kama msaidizi na unalipwa kama msaidizi, hata kama nyumbani ulikuwa msimamizi wa wodi. Mimi nilipitia kipindi hicho, na siku niliyokatazwa kuchoma sindano ambayo nilikuwa nimeichoma kwa miaka mingi, nilikwenda chooni nikalia, kisha nikarudi kutandika vitanda. Siwaambii haya ili kuwavunja moyo. Nawaambia kwa sababu hakuna kiongozi wa Nairobi wala wa Berlin anayeweza kuipigia simu ofisi ile na kuiamuru ikubali cheti chako.

Kwa vijana waliomaliza kidato cha nne bila taaluma, njia inayotajwa zaidi ni mafunzo ya kazini yenye malipo, ambayo wengi wenu mnayajua kwa jina lake la Kijerumani, Ausbildung. Ya uuguzi huchukua miaka mitatu, na mwaka ambao makubaliano yalitiwa saini, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika hospitali za umma alikuwa akipata takriban euro 1,340 kwa mwezi kabla ya makato. Neno la kuzingatia hapo ni makato, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Kila mfanyakazi huku hukatwa asilimia 9.3 ya mshahara wake kwa ajili ya pensheni, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Kwa mwanafunzi niliyemtaja, hizo ni karibu euro 125 kila mwezi. Ujerumani ina mikataba ya hifadhi ya jamii na nchi kama Morocco, Tunisia, India na Ufilipino, ambayo huwawezesha wafanyakazi wa nchi hizo kuunganisha michango yao ya huku na ya kwao ili wafikie haki ya pensheni. Kenya haina mkataba wa aina hiyo na Ujerumani. Mkenya anayerudi nyumbani kwa kudumu anaweza kuomba arudishiwe michango yake baada ya miezi 24, lakini anarudishiwa sehemu aliyokatwa yeye tu, na ile ya mwajiri inabaki huku. Mtu akifanya kazi miaka minne na kurudi, nusu ya akiba iliyowekwa kwa jina lake haivuki bahari.

Katika mji huu yupo mzee mmoja kutoka kaskazini mwa Msumbiji, ambaye Kiswahili chake cha pwani kinanipendeza kuliko changu. Alikuja kijana chini ya makubaliano ambayo Msumbiji na Ujerumani Mashariki, nchi iliyokuwa huku kabla ya Ujerumani mbili kuungana, zilifikia mwaka 1979, yaliyoleta maelfu ya wafanyakazi wa Kisumbiji katika viwanda na migodi ya huku. Sehemu ya mishahara yao, ambayo kwa wengine ilifika asilimia 60, ilizuiwa kwa ahadi kwamba watalipwa wakirudi kwao, kumbe ilikuwa ikihesabiwa katika kulipa deni la Msumbiji kwa Ujerumani Mashariki. Ukuta wa Berlin ulipoanguka na wengi wao kurudishwa, waliikuta ahadi tupu, na kwa miaka mingi wamekuwa wakiandamana mjini Maputo kila Jumatano wakidai haki yao. Sisemi kwamba makubaliano ya Kenya yanafanana na yale. Hakuna anayezuia mshahara wangu. Lakini mzee huyu aliponisikia nikiisifu hati ya mwaka 2024, aliniuliza swali moja, "Na fedha zako za uzeeni zimeandikwa wapi?" Nilikosa jibu.

Kwa wanaojiandaa kuja, sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje ya nchi uandikwe kwa utaratibu uliowekwa na uthibitishwe na ofisa wa kazi. Itumieni haki hiyo. Mkataba wako wa ajira, wenye jina la mwajiri, mshahara, saa za kazi na mahali pa kazi, una uzito kwako kuliko picha za viongozi wakipeana mikono. Wakala akisema nafasi yako imo katika "mgao wa serikali", mwombeni awaonyeshe kifungu chenye mgao huo.

Na kwa walio na mbunge anayewasikiliza, mwulizeni ni lini Kenya itaanza mazungumzo na Ujerumani kuhusu hifadhi ya jamii. Morocco na Ufilipino zilifika huko, na wauguzi wa Kifilipino ninaofanya nao zamu wanajua kwamba miaka yao ya huku itahesabiwa watakaporudi Manila. Mimi nimeanza kuweka hati zangu zote za mshahara katika bahasha moja, kama alivyofanya yule mzee, ambaye zake bado anazo, zimekuwa za manjano.