Usiombe Diski, Omba Faili: Mhadhara Kuhusu Kanda za Video za Nyumbani

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, asanteni kwa kuja, hasa nyie mliokuja na mifuko. Naiona hapo chini ya viti na najua kilichomo: harusi, maulidi, ubatizo, mahafali, arobaini ya babu. Mifuko tutaifikia.

Watu wengi wanadhani kinachokufa ni mkanda. Mkanda unakufa, lakini taratibu. Kinachotukimbia ni deki. VHS, mfumo wa kanda hizi za nyumbani, iliingia sokoni Japani mwaka 1976, na Julai 2016 kampuni ya Funai, iliyokuwa ya mwisho kuunda deki hizo, ikaacha. Tangu hapo kila deki inayocheza inaishi kwa vipuri vya mwenzake aliyekufa. Mafundi waliojua kuzirekebisha wamezeeka, na vijana wao wamehamia kwenye simu. Siwalaumu, ndiko pesa iliko. UNESCO na IASA, chama cha kimataifa cha watunza kumbukumbu za sauti na picha, walishatahadharisha kwamba tuhesabu 2025 kuwa mwaka wa mwisho wa kuokoa kanda, maana baada ya hapo mashine nzima zitakuwa za kutafuta kwa tochi. Mwaka huo tumeshaufikia.

Kwetu Tanzania Bara jambo hili lina uzito wa pekee. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi huku tulisubiri mpaka 1994. Kabla ya hapo aliyenunua televisheni aliinunua kwa ajili ya deki, basi. Kwa hiyo mtu akitaka kuona mtaa wenu ulivyokuwa mwaka 1988, nani alikuwa na duka kona ile, kinamama walivaa nini, hatakuta kwenye maktaba ya kituo chochote. Atakuta kwenye mkanda wa harusi ya shangazi yako, nyuma ya bibi harusi, ambako mpiga picha wala hakuwa anaangalia.

Sasa tuufungue mkanda wenyewe. Ndani mna utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 12.7, umepakwa unga wa sumaku. Kaseti ya E-180, ile ya saa tatu, ina utepe wa zaidi ya mita 250. Ndani ya deki mna pipa dogo la chuma linalobeba hedi, yaani vichwa vinavyosoma utepe, na kwa PAL, mfumo wetu wa picha za televisheni, linazunguka mara 25 kila sekunde, kila mzunguko picha moja. Hedi hizo zinaugusa utepe wakati zinazunguka kwa kasi hiyo. Kumbukeni hilo, maana ndiyo sababu ya ninachosema sasa kuhusu ukungu.

Naomba kila mmoja atoe mkanda mmoja, auelekeze kwenye mwanga wa dirisha, achungulie kwenye kile kidirisha cha plastiki. Utepe mzima unaonekana mweusi au kahawia, umelala sawa, unang'aa. Ukiona vumbi jeupe au nyuzinyuzi kama utando wa buibui pembeni mwa roda linalozungushiwa utepe, huo ni ukungu. Unapenda unyevu, na pwani yetu, kuanzia Tanga mpaka Mtwara, hatuna upungufu wa unyevu. Mkanda wenye ukungu usiuingize kwenye deki hata kidogo. Hedi zitaukwangua ule ukungu, zitaziba, na mkanda utakaofuata, uliokuwa mzima, utaambukizwa au hata kukwaruzwa. Utenge kwenye mfuko wake na uupeleke kwa fundi. Fundi anayejua kazi atauacha ukauke kwanza mahali penye hewa, kisha atavaa barakoa na kufungua skurubu tano zilizo chini ya kaseti. Atautoa utepe, ataupitisha taratibu kwenye kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, halafu atauweka kwenye ganda la kaseti nyingine safi. Akikuambia ni kazi ya dakika kumi, chukua mkanda wako uondoke.

Usiuanike juani. Nimeona watu wanaanika kanda juu ya bati kama dagaa! Joto linaupinda utepe, na uliopinda haunyooki tena.

Kabla ya yote, tazama mgongo wa kaseti, upande unaobandikwa jina. Mna kipande kidogo cha plastiki upande wa kushoto. Kama bado kipo, kivunje. Kikishavunjika, deki haiwezi kurekodi juu ya harusi yako. Kanda ngapi za ndoa zimeishia kuwa mechi ya mpira kwa sababu ya kipande hicho!

Halafu uliza jambo ambalo watu hawaulizi: mkanda mama uko wapi? Mkanda wengi walionao nyumbani ni nakala, pengine nakala ya nakala, na VHS kila ikinakiliwa rangi zinavuja na sura zinafifia. Tena ule uliogawiwa ukoo mzima ni ule uliohaririwa studio, wenye mioyo inayozunguka na muziki uliomwagwa juu ya kila kitu. Babu anatoa nasaha, midomo inacheza, unachosikia ni taarabu. Sauti ya babu iko kwenye mkanda wa kwanza, ule wa kamera. Pengine uko kwa baba mkubwa, pengine bado uko kwenye kabati la aliyepiga video. Piga simu kwanza, ndipo ulipie kuhamisha, yaani mkanda unaswe uwe diski au faili la kompyuta.

Kuhusu kanda zilizotoka nje, nitapita haraka. Muscat na Dubai walitumia PAL kama sisi, kwa hiyo za ndugu wa huko zitacheza vizuri. Za Marekani na Canada ni NTSC, picha 30 kwa sekunde na mistari michache zaidi. Ukiziweka kwenye deki ya kawaida ya hapa, picha itapanda na kushuka au ipoteze rangi. Haijaharibika, inahitaji deki ya mifumo yote.

Sasa diski. Mtu anakuja na mkanda anasema, “Nitolee kwenye DVD.” Namwelewa. Diski inashikika, unaiandika jina, unampa mama. Lakini DVD ya kurekodia haifanani na ile ya dukani iliyopigwa mhuri kiwandani. Hii yetu inaandikwa kwenye rangi maalumu kwa mwali wa leza, na rangi hupauka kwa jua na joto, hasa ikiwa ya bei rahisi na inakaa juu ya redio dirishani. Ina nafasi ya gigabaiti 4.7, inayotosha takriban saa mbili kwa ubora wa kuridhisha. Harusi yako ni saa tatu. Fundi ataibana mpaka nyuso ziwe vigae, au akupe diski mbili. Zile VCD za zamani ndizo zilikuwa mbaya kabisa, nusu ya mistari ilitupwa. Halafu niambieni, nani hapa kompyuta yake ya sasa ina mlango wa diski? Mkono mmoja. Na huyo ni mwalimu.

Kwa hiyo mama mpe diski yake, lakini wewe dai faili. Na dai faili kubwa, siyo ile iliyobanwa iingie WhatsApp. Ukitumia DV, aina ya faili la video lisilobanwa sana, saa moja ya mkanda inakula kama gigabaiti 13. Hiyo ndiyo ya kuhifadhi. Ndogo za kutuma zitolewe humo. Weka nakala tatu: moja kwenye hadidiski yako, moja kwa ndugu wa mji mwingine, moja popote unapoamini. Kama kwenye simu unaona kila anayecheza ana kingo kama meno ya kitana, ni kwa sababu video ya zamani ilichora kila picha mara mbili, mistari ya witiri kwanza, kisha ya shufwa. Mwambie fundi aisawazishe kwenye nakala ya kutazamia, ile kubwa aiache kama ilivyo.

Sasa naomba kinababa mnivumilie, naongea na kinamama. Nyie mna kanda za kicheni pati, za usiku wa hina, za mwali anafundwa. Kamera ilishikwa na mwanamke, mlango ulifungwa, watu walivua mitandio wakacheza walivyotaka. Mkanda ule ulikaa kabatini kwa somo miaka thelathini, na aliyetaka kuuona aliomba. Sasa unaupeleka kwa kijana wa kioski, anaukalia saa tatu anautazama, maana kuhamisha mkanda wa saa tatu ni saa tatu, hakuna njia ya mkato. Faili linabaki kwenye kompyuta yake. Sisemi ni mtu mbaya. Nasema wale waliomo hawakukubali hilo, na wengine wameshatangulia, hawawezi kuulizwa. Mtafute fundi mwanamke, wapo. Au azimeni deki na kifaa cha kunasa video cha USB, waya wa njano wa picha, mweupe na mwekundu wa sauti, kazi ifanyike nyumbani mlango ukiwa umefungwa kama siku ile. Na pengine uamuzi sahihi kwa mkanda mmoja au miwili ni kutouhamisha kabisa. Mimi mwenye biashara ya kuhamisha kanda ndiye ninayewaambia hivyo.

Kuna mzee kauliza pale nyuma: tukishahamisha, kanda tuchome? Hapana, mzee wangu. Zirudishe nyuma mpaka mwanzo, zisimamishe wima kama vitabu, mbali na sakafu na spika, maana spika ina sumaku. Kesho mtu mwingine anaweza kuzinasa vizuri kuliko mimi.

Na dada hapa anauliza aanze na upi. Anza na ule wenye watu ambao wewe huwatambui lakini bibi yako anawatambua. Mkalishe bibi mbele ya picha, simu yako inarekodi, awataje mmoja mmoja.

Deki iko mezani na nimeisafisha asubuhi. Leteni mifuko, tuchungulie ukungu kwanza.