Jinsi ya kutengeneza kizimba cha kukamulia, ng'ombe asimame sawa bila kugombana nae

Haya wafugaji wenzangu, asalaam aleykum na habari za saa hizi. Leo tuko hapa Pongwe, Tanga, kwenye banda la mzee mmoja anaefuga ng'ombe wa maziwa, ana chotara wa Friesian na kuna Jersey mmoja mdogo yule pale anatuangalia, na kazi ya leo ni kumtengenezea kizimba cha kukamulia. Sio banda la kulala, banda analo zuri tu. Ni ile sehemu ng'ombe anaingia, anasimama, unamkamua, anatoka. Wengi tukishajenga banda tunaona basi imeisha, ng'ombe anafungwa kamba kwenye nguzo ya mwembe, mguu wa nyuma unafungwa mkonge, alafu tunashangaa maziwa hayashuki.

Tuanze na hilo la maziwa kushuka maana ndo linaamua vipimo vyote. Maziwa mengi hayapo kwenye chuchu, yapo juu ndani ya kiwele kwenye vifuko vidogo vidogo, na hayatoki mpaka mwili wa ng'ombe wenyewe uyasukume. Ukimuosha kiwele na kumpapasa, ubongo unaachia homoni inaitwa oksitosini, inachukua kama dakika moja hivi kufanya kazi, alafu nguvu yake inadumu dakika chache tu, tano mpaka nane. Sasa ng'ombe akiogopa, akiteleza, akipigwa, mwili unatoa adrenalini na hiyo inazuia oksitosini isifanye kazi yake. Yani ukimpiga fimbo ili asimame umejikata maziwa mwenyewe. Kwaiyo kizimba kizuri ni kile ng'ombe anasimama mwenyewe pale unapotaka, chuma kipo cha kumuonyesha mahali tu, sio cha kumkaba.

Kabla hujampigia fundi wa kuchomelea simu, chukua futi, nenda kapime ng'ombe wako. Nasisitiza ng'ombe WAKO, usichukue vipimo vya kwenye picha ya shamba la Ulaya, wale wana Friesian wakubwa sana na huyu chotara wetu hafiki pale. Msimamishe sehemu tambarare, pima kutoka ncha ya bega mpaka ule mfupa wa kalio unaochomoza pembeni ya mkia. Wa hapa wakubwa wanacheza kwenye sentimita 160 kwenda juu kidogo, Jersey yule yuko chini ya hapo. Pima na upana wa tumbo akiwa na mimba kubwa kama unae wa hivyo. Pima pia kutoka chini mpaka ncha ya chuchu. Andika yote, sio ukae nayo kichwani.

Sasa sehemu ya kujenga. Hapa tumechagua upande huu kwasababu upepo wa bahari unapita, na joto la Tanga pamoja na unyevu wake mnalijua, ng'ombe wa maziwa analisikia kuliko sisi. Paa liende mashariki magharibi jua lisiingie ubavuni, na juu kuwe na kimo cha mita mbili na nusu au zaidi. Makuti yanafaa sana, ni baridi kuliko bati, ila yanamwaga vumbi na wadudu, kwaiyo pale juu ya ndoo tandaza turubai au karatasi nene ya nailoni. Mlango wa kuingilia usielekee jua linapochomoza wala pasiwe na giza mbele. Ng'ombe anaona karibu pande zote mpaka pembeni kabisa, ila kupima kina kwa macho hawezi vizuri, kivuli kikali chini kwake ni shimo, mfereji ni shimo, na akitoka kwenye mwanga kuingia gizani anagoma. Alfajiri saa kumi na moja ukikamua, taa ya sola iwe mbele juu, sio ya kumpiga machoni, ili aone anakoenda pana mwanga.

Sakafu. Chimbia nguzo kwanza alafu ndo umwage zege, usifanye kinyume. Sisi tunatumia bomba la chuma la inchi mbili kwa nguzo, limezama sentimita 60, na bomba la inchi moja na nusu kwa fito za pembeni. Kama hela ya bomba haipo, nguzo za msaji, yani mtiki, zinakaa vizuri, huku kwetu zinapatikana maana shamba la miti la Longuza liko hapo Muheza tu, nunua zenye kibali. Boriti za mikoko achaneni nazo jamani, ile miti ndo inalinda pwani yetu na mazalia ya samaki. Zege unene sentimita 10, saruji ndoo moja mchanga mbili kokoto tatu, na sakafu ishuke kuelekea nyuma, kwenye mfereji wa kinyesi na mkojo, sentimita 2 kwa kila mita, pimamaji utumie usikadirie kwa jicho. Kabla halijakauka piga mistari, kina cha unene wa kidole hivi, iliyokatizana kama wavu, alafu likishakauka vuruta tofali la zege juu yake upunguze makali, zege jipya linachuna kwato vibaya mno. Limwagilie maji kutwa mara kadhaa kwa wiki nzima, jua hili likikausha haraka linapasuka. Na hapa angalieni, kwenye shina la kila nguzo tumeinua kijizege kidogo kama sentimita 5 kuizunguka, mkojo usisimame kwenye chuma. Ukichanganya mkojo na chumvi ya upepo wa bahari bomba linaoza pale pale linapoingia ardhini, juu linang'aa chini limeisha.

Upana wa ndani tumeweka sentimita 75. Ukiweka 100 ukidhani unamuonea huruma, atageuza kiuno, atazungusha nyuma, utakua unamfukuza na ndoo. Ukiweka 60 anaminywa na hataingia tena kesho yake. Upande wa ukutani weka fito tatu, kimo cha sentimita 40, 75 na 110 kutoka sakafuni. Upande wa mkamuaji ni tofauti, fito ya juu inaenda moja kwa moja mpaka nyuma, ila zile mbili za chini zinakomea begani na mbavuni, kuanzia pale kiwele kinapoanza pawe wazi kabisa, sentimita 80 mpaka 90 kutoka nyuma. Hapo ndo mkono unaingia na ndo unakwepea teke. Na upande wa kukamulia chagua mmoja usibadilishe, sisi tumechagua kulia.

Sasa hili ndo jambo lililonifanya nirekodi hii video, naomba mlisikilize vizuri. Mafundi wengi wanafunga mbele. Hori limejengwa kwa tofali, kibanio cha shingo kimechomelewa hapo hapo, basi imekaa. Matokeo yake ng'ombe mrefu miguu ya nyuma inaingia kwenye mfereji, anasimama ametanua, anateleza, na ng'ombe mfupi miguu iko mbele sana, anakunya juu ya sakafu sentimita 20 kabla ya mfereji alafu anaikanyaga, anajipaka kwenye kiwele, na kiwele chenyewe kimesogea kwenye fito huwezi kukifikia. Unajenga kizimba cha ng'ombe mmoja. Mimi nasema funga nyuma, mbele ndo pasogee. Ukingo wa mfereji ndo kipimo chako cha kuanzia, kwato za nyuma ziishie hapo kila siku kwa kila ng'ombe, ukifanya hivyo kiwele kitakua pale pale, kigoda chako kinakaa pale pale, kinyesi kinaanguka mferejini.

Inafanyikaje? Hii fremu ya mbele, ni bomba mbili wima na moja ya kukinga kifua, haijachomelewa kwenye nguzo. Imevalishwa kwenye fito za pembeni kwa vipande vya bomba kubwa zaidi, inateleza mbele na nyuma, na kwenye fito tumetoboa matundu, unachomeka pini ya nondo. Matundu tumeyaweka kutoka ukingo wa mfereji sentimita 150, 160, 170. Yule Jersey anapata la kwanza, mkubwa kabisa anapata la mwisho. Hori letu ni nusu ya pipa la plastiki la bluu, limening'inizwa kwenye fremu yenyewe kwaiyo linasogea nayo, pumba na chumvi zinakua mdomoni kwake popote pini ilipo. Kubadilisha ni kuchomoa pini mbili, mtoto wa darasa la saba anafanya.

Kibanio cha shingo kipo kwenye fremu hiyo hiyo. Mti mmoja umesimama haujongei, wa pili unazunguka kwa bolti kule chini, juu unafunga. Ukiwa wazi nafasi ya kichwa sentimita 45, ukifunga ibaki 18 mpaka 20, ajaribu kurudisha kichwa kishindikane lakini shingo isibanwe. Miti yote miwili iende wima mpaka karibu na sakafu, kusiwe na fito ya kukinga shingo kwa chini, ili akianguka au akilala shingo ishuke nae asijinyonge. Na komeo liwe la kuvuta mara moja likaachia. Wale mnaofunga kamba ya mkonge, mkonge ukilowa unakaza fundo, siku ng'ombe ameanguka hulifungui bila kisu. Akishazoea, wakati wa kukamua kibanio acha wazi tu, kinabaki kwa ajili ya daktari wa mifugo na mpandishaji.

Nyuma tunaweka mnyororo uliovalishwa kipande cha mpira wa maji, kimo cha sentimita 85. Mpira unazuia kelele, chuma kikigongana nyuma yake, sehemu ambayo haoni, anaruka.

Kuhusu mgongo wako wewe mkamuaji. Tumeinua sakafu ya ng'ombe sentimita 25, na pa kupandia tumeweka mteremko mrefu sio ngazi. Ukikaa kwenye kigoda cha 40 mikono inafika bila kujikunja. Mwenye mashine ya kukamua, anaekamua amesimama, huyo anahitaji shimo la kusimama ndani yake, kina sentimita 85 mpaka 90, na mwenye ng'ombe wengi ndo aanze kufikiria ule mpangilio wa mfupa wa samaki uliotoka New Zealand miaka ya 1950, ng'ombe wanasimama mshazari, kiwele mpaka kiwele inakua mita moja na kitu tu badala ya urefu wa ng'ombe mzima, mkamuaji hatembei. Kwa ng'ombe wanne watano usijisumbue.

Chotara wenye damu nyingi ya kienyeji wanataka kumuona ndama. Tumemuwekea ndama kizimba chake kule mbele ya hori, mama anamuona na kumnusa, ila hafiki kwenye ndoo.

Mtamba, yani ng'ombe ambae hajawahi kuzaa, usimuingize mara ya kwanza siku amezaa, hapo ana maumivu na hajui kitu. Mwezi mmoja au miwili kabla, kila siku mpitishe humu, ale pumba kidogo, umpapase kiwele, atoke. Mlango wa kutokea uwe mbele, fremu inafunguka kama geti, asirudi kinyumenyume. Akimaliza kukamuliwa akute majani mabichi kwenye hori la nje, asimame ale kama nusu saa, maana tundu la chuchu linakua bado halijajifunga na akilala chini muda huo vijidudu vinaingia. Rangi ya kuzuia kutu pigeni kabla ya masika, na zile pini zipakeni grisi, kaguzi ya bolti ya kibanio kila wiki, ikilegea ikazeni siku hiyo hiyo. Wenye vipimo vya ng'ombe wenu viandikeni hapo chini, bega mpaka kalio na upana wa tumbo, ntawajibu matundu yakae wapi.