Kitenzi "run" na Maana Zake: Mhadhara kwa Walimu wa Kiingereza

Walimu wenzangu, nimeombwa nizungumzie maneno ya Kiingereza yenye maana nyingi, nami nimeamua kubaki na neno moja tu, yaani kitenzi "run", kwa kuwa huwasumbua wanafunzi baada ya wao kuamini kwamba wamekwisha kukijua. Mtoto hufundishwa mapema kwamba "run" ni kukimbia. Miaka michache baadaye anasoma "She runs a shop", naye anabaki akijiuliza mama huyo analikimbiza duka wapi.

Ukubwa wa neno hili si wa kubuni. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, la mwaka 1989, kitenzi kilichochukua nafasi ndefu kuliko vyote kilikuwa "set". Toleo la tatu lilipokuwa likiandaliwa, "run" ilikipita: mtunzi wa kamusi Peter Gilliver alitumia takriban miezi 9 akilishughulikia, na mwaka 2011 iliripotiwa kwamba kitenzi hicho kimefikisha maana 645. Hakuna Mwingereza anayezibeba zote kichwani kama orodha, na kwa hiyo sioni faida ya kumwandikia mwanafunzi orodha ya maana ishirini ubaoni na kumtaka azikariri.

Ninachopendekeza ni kuanzia kwenye sarufi, mahali ambapo Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyodhani. Lugha za jamii ya Kijerumani, ambamo Kiingereza kimo, zilikuwa zamani na vitenzi viwili vyenye mzizi mmoja: cha kwanza kilieleza mwendo wa mtu anayekimbia na wa maji yanayotiririka, na cha pili kilikuwa kauli ya kutendesha ya hicho cha kwanza. Kijerumani cha leo bado kinavitenganisha, kwani "rinnen" ni kutiririka na "rennen", iliyotokana na ile kauli ya kutendesha, ni kukimbia. Kiingereza kiliviunganisha vikawa umbo moja, kikapoteza alama ambayo sisi tunaitunza kila siku tunapotofautisha "enda" na "endesha".

Basi mwanafunzi afundishwe kuuliza kwanza kama kitenzi kina yambwa, yaani kitu kinachotendewa. Katika "The buses run every hour" hakuna yambwa, na maana yake ni kwamba mabasi huenda kila baada ya saa moja. Katika "He runs a bus company" yambwa ipo, na tafsiri inakuja yenyewe: anaendesha kampuni ya mabasi. Tunaendesha gari, mashine, duka, semina na hata mashtaka; Mwingereza naye hutumia "run" kwa mashine, duka na semina, ingawa gari akiwa kwenye usukani hulisemea "drive". Kigezo hiki hakifiki kila mahali. "Run a race" ni kukimbia mbio, "run a risk" ni kujiweka hatarini, na "run a temperature" ni kuwa na homa. Hizo zifundishwe kama zilivyo, kila zinapojitokeza katika matini.

Ule upande wa maji nao bado uko hai. Mto Rufiji "runs into the Indian Ocean", pua ya mwenye mafua "is running", na kitambaa kilichochuja rangi husemwa "the colours have run". Matumizi ya "run" kwa barabara hayana haja ya maelezo marefu, kwa sababu hata kwetu barabara hutoka Moshi ikaenda Arusha bila ya kuwa na miguu.

Penye ugumu wa kweli ni pale kitenzi kinapofuatwa na kijineno kidogo. "The milk has run out" na "We have run out of milk" zinatofautiana kama "maziwa yamekwisha" na "tumeishiwa maziwa". Mwalimu akiziweka pamoja ubaoni, darasa huelewa bila kuhubiriwa. "Run into" inatatiza zaidi, maana "I ran into my teacher" kwa kawaida ni kukutana naye kwa bahati, ilhali "I ran into a wall" ni kugonga ukuta. Hapo muundo haumsaidii msomaji, bali aina ya yambwa.

Zipo pia tofauti za nchi. Mmarekani anayegombea ubunge "runs", na Mwingereza kwa desturi "stands", na mtahiniwa anayesoma magazeti ya pande zote mbili asiposikia hili kwetu atadhani ni mambo mawili. Nomino nayo ina mitego yake: Septemba 2007 wateja wa benki ya Northern Rock huko Uingereza walipanga foleni ndefu kutoa akiba zao, na magazeti yakaiita hali hiyo "a run on the bank". Hapo ningemtaka mwanafunzi aandike kwamba wateja walikimbilia kutoa fedha zao, na wala asitafute mbio za aina nyingine katika habari hiyo.