Kamba ya Tring

Ndugu zangu, karibuni. Jioni hii naomba tutazame kamba moja tu, iliyochorwa Uingereza mwaka 1837.

Mchoraji ni John Cooke Bourne. Alikuwa kijana wa miaka 22 hivi alipoanza kufuatilia ujenzi wa reli ya London hadi Birmingham. Zama hizo, ukisema mchoro wa mandhari, watu walitarajia mito, miti na magofu. Viwanda vilipopamba moto, wachoraji wengi waliukimbia moshi wakaenda kutafuta mabonde ambayo hayajaguswa. Bourne yeye aliingia topeni.

Hapa ni Tring, mji mdogo kwenye njia ya reli hiyo. Kilima cha chokaa kinapasuliwa kwa takriban kilomita 4 ili treni ipite. Kwenye kingo za mpasuo huo zimeegemezwa mbao ndefu, na juu ya mbao wapo vibarua na matoroli yaliyojaa udongo. Kamba inatoka kwenye toroli, inapita kwenye kapi kule juu, inavutwa na farasi. Kibarua anapanda nyuma ya mzigo wake, uhai wake umeshikwa na kamba ile. Farasi akiteleza, mtu na toroli wanaporomoka pamoja. Sogeeni karibu muone: watu ni wadogo mno mbele ya kilima, lakini kilima kinahama, tena kwa migongo yao.

Kuna mchoro wa handaki la Kilsby pia, kwenye reli hiyohiyo, kilomita 2 na ushei, ambako mwanga unadondoka kutoka tundu la juu kama maji kisimani. Ni mchoro mzuri ajabu, ila mimi moyo wangu uko Tring.

Wapo wanaosema michoro hii ilikuwa ya kuipamba reli, kwa kuwa ilichapishwa mwaka 1838 na 1839, wakati reli bado ina wapinzani wengi. Sikatai. Lakini anayetaka kupamba tu angengoja treni ipite, achore moshi na bendera. Bourne alichora jeraha likiwa bichi, kabla nyasi hazijalifunika. Leo abiria anapita Tring kwa dakika chache, anaona kingo za kijani, anadhani ndivyo nchi ilivyoumbwa.

Mchoro wenyewe una tarehe: 17 Juni. Septemba ya mwaka uliofuata, treni zilikuwa zinapita njia nzima.