Theluji kwa Mtoto Asiyeijua

Ndugu waandishi, wachoraji na walimu, kuna lalamiko ambalo halikosekani kila tunapokutana: kwamba kumpa mtoto wa nchi ya joto kitabu cha theluji ni kumpotezea wakati, kwani ataiona wapi? Mimi sikubali. Mtoto huyohuyo tunamsomea habari za majini na simba wasemao, na hatumuulizi aliwaona lini.

Ninavyovilaumu ni vitabu vinavyodhani theluji inajulikana tayari. Vinaacha ukurasa mweupe, vinawavika watoto skafu, basi. Msomaji aliyekulia kwenye theluji hujijazia yaliyobaki: ganzi ya vidole, uzito wa buti. Asiyeijua anaona weupe tu, na akiuliza kama ule ni unga, ana haki.

Sasa tazameni kitabu cha picha The Snowy Day cha Ezra Jack Keats, kilichotoka Marekani mwaka 1962. Mtoto Peter, katika vazi lake jekundu, anatembea vidole vikielekea nje, kisha ndani, na nyayo zinabaki. Anaburuta kijiti, mstari unabaki. Anaupiga mti, theluji inamwangukia kichwani. Hapo mtoto amekwishajua kwamba kitu hiki kinashika alama na kinakaa juu ya matawi, bila mtu kumhutubia. Kisha Peter anatia donge mfukoni na kuingia nalo ndani. Baadaye anapapasa mfuko: mtupu.

Ukurasa huo, kwa maoni yangu, unamfaa zaidi mtoto ambaye hajawahi kuiona theluji. Aliyeizoea anajua mwisho wa donge kabla halijafika mlangoni. Huyu mwingine anajua barafu huyeyuka, lakini hajaambiwa kwamba nayo hii ni maji. Anagundua pamoja na Peter. Kwa hiyo, walimu, msimweleze mapema. Mnamwibia.

Wachoraji, theluji haichorwi kwa rangi nyeupe. Acheni karatasi ilivyo, choreni vivuli, na mvitie buluu, kwa sababu kivuli juu ya theluji hupata mwanga wa anga. Theluji mpya imejaa hewa katikati ya chembe zake, ndiyo maana humeza sauti. Ukimya huo unaweza kuonyeshwa kwa kurasa zisizo na maandishi. Mchoraji Mwingereza Raymond Briggs alikitengeneza kitabu The Snowman, mwaka 1978, bila neno hata moja katika hadithi nzima. Na jamani, chembe za theluji za pembe nane kwenye majalada zatosha! Molekuli za maji zikiganda hujipanga kwa sita, kwa hiyo chembe ya theluji ina pembe sita. Wilson Bentley alizipiga picha chembe hizo kwa hadubini huko Vermont, Marekani, tangu mwaka 1885, hakuna udhuru.

Mmoja wenu ameniuliza kuhusu kuleta pamba darasani iwe mfano wa theluji. Hapana. Pamba ni kavu na inatia joto, inafundisha kinyume. Kwaruzeni barafu, iwayeyukie watoto viganjani, lakini kitabu kikiisha kusomwa, si kabla.