Sifuri zipi za kuaminika? Kimondo cha Mbozi na vipeo vya kumi

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, asanteni kwa kuja na mvua hii ya Mbeya.

Tuanzie kwa jirani. Kimondo cha Mbozi, ambacho kabla ya 2016 tulikihesabu cha mkoa wetu na leo ni cha Songwe, kinakadiriwa kuwa na tani 16. Kwa kilo ni 16,000. Sasa niambieni, zile sifuri tatu kuna aliyezipima? Hakuna. Zimejaza nafasi tu, ila kwa macho huwezi kuzitofautisha na sifuri iliyotoka kwenye mizani. Ukiandika 1.6 × 10⁴ ubishi umekwisha: tarakimu mbili ndizo tunazozitegemea, ukubwa unabebwa na kipeo, ile namba ndogo iliyo juu ya 10. Angekuwapo mtu aliyekipima hadi kilo ya mwisho, angeandika 1.6000 × 10⁴. Darasani tunahangaika zaidi na nukta inahamia wapi. Kwangu mimi, hili la uaminifu wa kipimo ndilo zito.

Nukta yenyewe haina makuu. Isogeze hadi ibaki tarakimu moja mbele yake, isiyo sifuri, uhesabu hatua. Ikienda kushoto kipeo ni chanya, ikienda kulia ni hasi.

Hasi tunaihitaji sasa hivi. Karibu asilimia 90 ya kimondo kile ni chuma, yaani kilo 1.4 × 10⁴, na atomu moja ya chuma ina tungamo la kilo 9.3 × 10⁻²⁶. Anayebisha aiandike kwa urefu: baada ya nukta, sifuri 25 ndipo aifikie tisa. Akiruka moja tu, jibu limekosewa mara kumi. Haya, tugawanye tujue kimondo kina atomu ngapi za chuma. 1.4 kwa 9.3 ni 0.15, vipeo tunatoa, 4 toa −26, tunapata 30. Hapo ni 0.15 × 10³⁰, na wengi huweka kalamu chini. Bado! 0.15 haijafika moja. Atomu ni 1.5 × 10²⁹.

Kuna aliyeuliza habari ya kujumlisha. Vipeo vilingane kwanza. Mtu wa kilo 60 akipanda juu ya kimondo, hizo ni 0.006 × 10⁴, jumla 1.606 × 10⁴. Lakini tunaamini tarakimu mbili tu, kwa hiyo inabaki 1.6 × 10⁴, kana kwamba hakupanda mtu.

Na wewe ambaye kalkuleta yako inaonyesha 1.5E29, hiyo E, ambayo maana yake ni “× 10 kwa kipeo”, usiinakili kwenye karatasi ya majibu.